Saa Nne Utalala

Bariadi
12 Machi 1997

Kwako binti yangu Lukresia,

Mwangaluka mwanangu. Natumaini mmeamka salama wewe na mjukuu wangu Marcelo, na kile kikohozi chake kimepungua. Mimi huku ni mhola, miguu tu ilivimba kwa safari, sasa imeshuka. Wasalimie walimu wenzako. Baba yako mdogo Selestini msalimie pia, ingawa najua anauliza mjane wa umri wangu amefuata nini mjini.

Kazi nimepata. Nilikwenda ofisini kwa Bwana Thomasi, yule aliyekuwa karani wa pamba kwenye chama cha ushirika kabla hawajapunguzwa watu. Sasa ametundika kibao karibu na stendi, anawatafutia watu mayaya na walinzi. Tulikaa kwenye benchi wanawake saba, mwenye mvi nilikuwa peke yangu. Anaita mmoja mmoja na kuuliza. Yaya asiyejua kusoma analipwa elfu saba kwa mwezi, anayejua ni elfu kumi. Mshahara wa mwezi wa kwanza unabaki ofisini kwake. Baada ya hapo mwajiri analeta fedha kwake, anakata elfu mbili, nyingine anakupa.

Alipoona naandika jina langu mwenyewe alishangaa. Nikamwambia nilisoma kwenye darasa la watu wazima, baba yako Mabula akishika kibatari. Akasema ana nyumba moja inayolipa elfu kumi na tano, lakini mayaya wawili wameshatoka pale tangu Krismasi. Nikauliza kama wanapigwa. Akasema hapana, nyumba ile hakuna hata anayepandisha sauti. Wameondoka tu.

Ndiko niliko. Baba wa nyumba ni Bwana Januarius, ananunua pamba kwa niaba ya kampuni moja ya hawa watu binafsi waliokuja juzi. Mkewe anafanya kazi benki. Ni watu wa Bukoba, Kisukuma hawajui. Mtoto ni mmoja, Precious, anakaribia miaka minne. Ni mtoto mtulivu kupita kiasi. Tangu nifike sijamsikia akilia, hata alipoungua kidole kwenye sufuria.

Jambo geni ni moja. Mama Precious aliniambia kwamba nyumba hii yaya anaitwa Sayi. Nikamwambia mimi ni Milembe. Akasema anajua, lakini mtoto amelizoea jina hilo, akisikia jingine hali chakula. Alisema hivyo akikunja nguo ambayo ilikuwa imekwisha kunjwa. Kisha akanionyesha chumba changu. Kitandani palikuwa na magauni mawili na kanga, si mpya, ila zimepigwa pasi. Akasema nivae hizo.

Nimezivaa, Lukresia. Elfu tano ya ziada kwa jina tu si mbaya. Nikivumilia hadi mvua za Novemba nitakuwa nimenunua dume la pili la kuvuta plau. Unajua tulilobaki nalo haliwezi peke yake, na baba yako mdogo ameshasema tusipolima msimu ujao atalilima yeye shamba letu. Akilima yeye halitarudi.

Nijibu upesi.

Mimi mama yako,
Milembe


Lalago
30 Machi 1997

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mzima, na Marcelo ni mzima, anakohoa alfajiri tu. Nimefurahi kusikia miguu imeshuka. Usikae juani na usibebe ndoo mbili, waambie hao waajiri wako kwamba mgongo wako si wa msichana.

Huku mvua imetushika vizuri. Pamba ya jirani imechanua, yetu ina wadudu kwa sababu dawa sasa ni ya kununua taslimu. Baba mdogo alipita juzi akazunguka shamba lote kwa miguu, akaondoka.

Mama, sijalala vizuri tangu nisome ile habari ya jina. Umenieleza mshahara na ofisi na pasi, lakini hukunieleza jambo ambalo mtu yeyote angeuliza kwanza. Sayi ni nani, na yuko wapi? Mayaya wawili waliotoka walikwenda wapi, na wenyewe wanasema nini? Na ulipotia sahihi kwa huyo Thomasi, daftari lina jina lako au la huyo mwingine?

Darasani kwangu nina watoto hamsini na nane. Nikikosea jina la mmoja, hata kama ni mpole, anainua kichwa na kunisahihisha. Wewe ni mtu mzima, na hukumsahihisha yule mama zaidi ya mara moja.

Sikukatazi kazi, naijua sababu yake. Nataka tu uulize.

Mwanao,
Lukresia


Bariadi
20 Aprili 1997

Binti yangu Lukresia,

Amani iwe kwako na kwa mjukuu wangu. Mpe Marcelo asali na limao asubuhi, si jioni. Mimi afya yangu ni njema, chakula hapa kinatosha, nyama mara mbili kwa wiki.

Uliniambia niulize, nimeuliza. Bwana Thomasi anasema Sayi alikuwa yaya wa hapa, mwanamke wa Mkula kule ziwani, alimlea huyu mtoto tangu ana miezi mitatu. Mwaka jana akafuatana na dereva wa lori hadi Mwanza na hataki ijulikane. Kwenye daftari nimeandikwa Sayi. Anasema ni kurahisisha hesabu za mwajiri.

Sasa nikueleze sehemu ya kazi ambayo sikukuandikia mwanzo, maana sikujua niiandike vipi. Siku ya pili Mama Precious aliniambia, akiwa amesimama mlangoni na mkoba wa kazini begani, "Saa nne utalala. Mtoto atakuonyesha."

Nilidhani ni kumlaza mtoto. Kumbe ni mimi. Ikifika saa nne Precious anaacha anachokifanya, ananishika mkono, ananipeleka kwenye chumba cha stoo kulikotandikwa mkeka. Nalala chali. Ananifunika kanga hadi usoni. Kisha anakaa karibu na kichwa changu, ameshika kidole changu kimoja, na hasemi kitu. Natakiwa nisijitikise. Saa sita baba yake anarudi kula. Mlango ukisikika, anakiachia kidole, na mimi naruhusiwa kuinuka. Ananitazama naamka hadi nimesimama wima, halafu anakwenda mezani na kula vizuri kabisa. Nisipolala, hali. Bwana Januarius husimama mlangoni mwa stoo mpaka ninyanyuke, na kila siku ananishukuru kwa sauti ndogo, jinsi watu wanavyoshukuru msibani.

Wale mayaya wawili ndicho walichokimbia. Nami siku za kwanza niliogopa. Sasa napumzisha mgongo.

Kuna hili pia. Mtoto anaongea Kisukuma. Si maneno mawili matatu, ni Kisukuma cha watu wa ziwani, cha mtu mzima, na kabla ya kuanza kusema anasafisha koo kidogo kama mama aliyekwisha zaa. Ananiambia "wabeja" nikimpa maji. Wazazi wake hawamwelewi. Wakiwa mezani wote wanne wananyamaza. Nimeandika wanne kwa sababu kuna sahani moja zaidi ambayo mtoto huitenga, nayo hakuna anayeigusa.

Wiki iliyopita Thomasi alikuja na barua kutoka Mkula, ya mama yake Sayi, bibi mmoja anaitwa Mboje. Hajui kuandika, katekista wa kule ndiye alimwandikia. Anasema fedha kidogo anazipokea kila mwezi, lakini tangu mwaka jana hajaona mwandiko wa mwanawe, na mguu wake wa kushoto umekuwa mzito. Thomasi akaniomba nijibu kama Sayi, ili mama mtu asisumbuke wakati mwanawe yuko Mwanza kwa raha zake. Nilimwonea huruma yule bibi. Niliandika mistari michache, nikamuuliza mguu unaendeleaje na kama anaukanda kwa maji ya moto.

Usikasirike.

Mama yako,
Milembe


Lalago
4 Mei 1997

Shikamoo mama,

Tu wazima. Natumaini na wewe u mzima, ingawa safari hii nauliza kwa kumaanisha.

Nimekasirika. Umemwandikia mama wa mtu mwingine ukijifanya mtoto wake. Kama mimi ningeacha kuandika, na mwanamke usiyemjua akakuandikia kwa jina langu na kukuuliza habari za mgongo, ungependa? Huyo Thomasi kama anajua Sayi yuko Mwanza, ampelekee karatasi Sayi mwenyewe.

Nimeuliza mwalimu mwenzangu anayetoka upande wa ziwani. Anasema Mkula si mbali sana na barabara ya kwenda Mwanza, na mwanamke anayeishi Mwanza kwa raha angepita kwao japo Pasaka.

Usiandike tena barua ya namna hiyo. Na usilale tena kwenye huo mkeka. Watakufukuza, sawa, rudi nyumbani. Shamba tutalilima kwa jembe la mkono, mimi na wewe na likizo yangu.

Mwanao,
Lukresia


Bariadi
1 Juni 1997

Lukresia,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima sana.

Barua yako niliipata siku nyingi, nikawa mzito kujibu. Maneno yake ni makali kwa jambo dogo. Nimemwandikia yule bibi tena, kwa sababu alijibu, na mtu akijibu huwezi kumnyamazia.

Kuhusu saa nne usiogope, hata mimi siogopi tena. Zamani nilikuwa nahesabu dakika. Sasa nikifunikwa nasinzia hapo hapo. Sakafu ni baridi nzuri. Nasikia watu wanapita nje, nasikia mtoto anapumua, naona kama hayo yote yako mbali na hayanihusu. Juzi baba yake aliingia, mtoto akaachia kidole, nami sikutaka kuinuka. Waliniita mara tatu. Mama yake mtoto alipoambiwa jioni alikwenda kusimama uani peke yake.

Pamba huku inaanza kuja kwenye maghala. Mwaka huu wanunuzi ni wengi, kila mmoja na mizani yake.

Msalimie mama, mwambie mguu asiuache bila kuukanda.

Mimi,
Sayi


Lalago
9 Juni 1997

Mama,

Shikamoo. Narudisha barua yako ndani ya hii ili uione kwa macho yako mwenyewe. Mwandiko ni wako. Herufi ya M uliyoivuta mkia ni yako, nimeijua tangu nikiwa darasa la kwanza. Sasa tazama chini, mahali pa jina.

Na unaniambia nimsalimie mama. Mama yupi? Mama yako, bibi yangu, tulimzika mwaka 1984, wewe ndiye uliyemvalisha. Hakuwahi kuumwa mguu.

Sijamwonyesha mtu hii barua. Shule inafungwa mwishoni mwa mwezi. Usipojibu kabla ya hapo, nakuja.

Mwanao, uliyemzaa wewe Milembe,
Lukresia


Bariadi, mkononi kwa jirani
28 Juni 1997

Mama yangu,

Shikamoo popote ulipo. Marcelo nimemwacha kwa mke wa mwalimu mkuu, ni mzima.

Naandika nikiwa nimekaa barazani kwa jirani yenu, Mama Lukumba anayeuza mkaa. Nimefika leo Jumamosi asubuhi. Nilianzia ofisini kwa Thomasi. Nilimkuta anapanga karatasi kwenye sanduku, mlango umefungwa nusu. Nikamwambia namtafuta Milembe wa Lalago, aliyemtafutia kazi mwezi wa tatu. Alifungua daftari mbele yangu akapitisha kidole ukurasa mzima, kisha akasema, "Hapa hakuna Milembe. Hajawahi kuwepo."

Nikamuuliza nyumba ya Bwana Januarius ina yaya gani. Akasema yaya wa pale ni Sayi, na Sayi ameshaondoka, amerudi kwao. Nilitoka bila kuaga.

Nyumba yenu nimeikuta imefungwa kwa kufuli. Nimezunguka hadi nyuma. Kwenye kamba kuna gauni moja limeanikwa, limekauka hadi limekuwa gumu, kwa hiyo lina siku kadhaa pale. Dirisha la stoo halina pazia. Nimechungulia nikauona mkeka, umekunjwa na kusimamishwa ukutani. Nimekaa kimya nikisikiliza kama mwendawazimu, lakini ndani hamna mtu.

Mama Lukumba anasema mliondoka Alhamisi kwa gari, wazazi wote wawili na mtoto na yaya. Hakuambiwa mnakwenda wapi. Nilimuuliza yaya anaitwa nani. Akasema anaitwa Sayi, lakini si yule Sayi wa kwanza. Nikamuuliza wa kwanza alikwenda wapi. Hapo akaangalia mkaa wake, akasema mambo ya nyumba za watu hayajui, yeye aliona tu gari la kubebea maiti.

Kesho narudi Lalago kwa sababu ya mtoto. Hii barua nampa Mama Lukumba akupe. Ukiisoma, andika neno moja tu, na chini yake jina lako.

Mwanao,
Lukresia


Mkula
6 Julai 1997

Kwako binti yangu wa pekee, Lukresia,

Mwangaluka mwanangu, na unisamehe. Mimi ni mzima wa mwili na akili. Bwana Januarius alirudi Bariadi kuangalia ghala lake, akaniletea barua uliyoacha kwa Mama Lukumba. Nimeisoma nikalia, kwa kufikiri ulivyozunguka ile nyumba peke yako. Nitakueleza yote kwa mpangilio.

Barua yako ya tarehe tisa niliipata Jumamosi ya tarehe ishirini na moja. Mama Precious aliileta kutoka posta. Nilifungua, nikaona barua yangu mwenyewe ndani, nikasoma hadi chini. Lukresia, sikumbuki kuandika jina lile. Nilikaa jikoni, nikajitamkia jina langu kwa sauti mara kadhaa.

Saa nne ilipofika mtoto akaja akanishika mkono. Nikamwambia leo silali. Sikumwambia kwa ukali. Nilitegemea atalia. Hakulia. Alikwenda stoo mwenyewe, akalala chali juu ya mkeka, akajifunika kanga usoni, akanyoosha kidole kimoja pembeni kwa atakayekuja kukishika. Mama yake siku hiyo hakwenda kazini. Alimkuta hivyo. Alianguka magoti pale mlangoni, na ndipo aliponiambia.

Sayi hakwenda Mwanza. Alikufa mwezi wa kumi na moja mwaka jana, kwenye chumba kile kile. Alikuwa na homa siku mbili, akasema ni malaria ya kawaida. Mama Precious alimpa vidonge akaenda benki, kwa kuwa ilikuwa mwisho wa mwezi na foleni ndefu. Saa nne Sayi alimwambia mtoto anajinyoosha kidogo. Baba aliporudi saa sita alikuta amekwisha poa. Precious alikuwa amemfunika, ameshika kidole chake, akamwonya baba yake kwa ishara asipige kelele, Sayi amelala.

Siku nne mtoto hakula. Wakaleta yaya mwingine kutoka kwa Thomasi, naye siku ya kwanza akaumwa kichwa, akajilaza, kisha akaamka. Precious alipomwona anaamka, akaenda kula. Basi wazazi wakaifanya ndiyo kazi. Mtoto alikuwa anangoja Sayi aamke, na wao walikuwa wananunua kuamka kwake kila siku kwa elfu tano ya ziada kwa mwezi. Siwalaumu kama nilivyotaka kuwalaumu. Nawe usiwalaumu sana.

Nikamuuliza Mama Precious, na watu wake je? Akasema walimpa Thomasi fedha za sanduku na gari, akampeleka Mkula, akarudi na habari kwamba ndugu wanataka kuzika peke yao. Nikamwambia mimi nimemwandikia mama wa marehemu mara mbili, na bado anamsubiri mwanawe. Mumewe aliporudi saa sita, akamweleza.

Bwana Januarius alimfuata Thomasi. Gari la maiti lilikuwa limefika makaburi ya mjini tu. Kuna tuta lisilo na jina, limeota mibarika. Zile fedha kidogo za kila mwezi Thomasi alikuwa anazituma ili mtu asije kuuliza, na bado Sayi alikuwa anaandikwa kwenye daftari kana kwamba anafanya kazi. Bwana Januarius alimshtaki polisi. Ulimkuta anafungasha, nadhani hakufika mbali.

Alhamisi tukaja hapa wote. Niliomba mimi ndiye nimwambie bibi, kwa kuwa ndiye niliyemdanganya. Bibi Mboje ni mwembamba, anakaa kwenye kigoda mlangoni. Nilipiga magoti nikamwambia kwa Kisukuma, kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Hakulia. Aliuliza tu zile barua mbili aliandika nani. Nikasema mimi.

Akasema, "Sayi hakuwahi kuniuliza habari za mguu. Alikuwa mwanangu mwema, lakini hakuwa mtu wa kuuliza."

Alijua tangu Aprili, Lukresia. Katekista alipofika pale penye mguu, akajua si mwanawe anayeandika, na kama si mwanawe, basi mwanawe hawezi tena kuandika. Hakumwambia mtu. Alimwomba katekista amsomee tena, na Mei akajibu, kwa sababu alitaka kuulizwa mara nyingine.

Nilikosa pa kuweka uso.

Wakati tunaongea Precious alikuwa ameshuka kwenye gari. Akamwendea bibi moja kwa moja, akasafisha koo kidogo, akamwamkia kama mwana na mama yake, "Mwangaluka, mayu." Wanawake wote pale uani waligeuka. Ilikuwa sauti ya Sayi kwenye mdomo wa mtoto, walisema hivyo wao wenyewe baadaye. Shangazi mmoja aliondoka mbio hadi kwenye zizi. Bibi peke yake hakushtuka. Alimpakata.

Kesho yake, saa nne, mtoto alimshika bibi mkono. Nilitaka kumzuia, na mama yake pia. Bibi akasema tumwache. Akafuata hadi ndani, akalala kwenye mkeka, akafunikwa uso. Sisi tulisimama mlangoni. Precious alikaa, akashika kidole. Kuku walikuwa wanaingia na kutoka. Sijui bibi alikuwa anawaza nini chini ya ile kanga, amelala mahali pa mwanawe. Alikaa muda ambao wali ungeiva. Kisha akajifunua mwenyewe, akaketi, akamshika mtoto mashavu akamwambia kwa Kisukuma, polepole:

"Mimi nimeamka kwa sababu ni mzima. Sayi amekufa. Haamki."

Mtoto alimwangalia. Akauangalia mkeka. Akaniangalia mimi, nikatikisa kichwa kwamba ni kweli. Ndipo kitu kikaanza kumtoka tumboni, kwanza kama kwikwi, halafu akalia, Lukresia, kilio ambacho sijakisikia kwa mtoto wala mtu mzima, na bibi akaanza naye, wakalia wameshikana. Mimi nilitoka nje.

Wajomba zake Sayi watakwenda Bariadi wiki ijayo kuchukua udongo wa kaburi, matanga yatawekwa hapa. Nitakaa hadi yaishe, kisha nitarudi kazini. Usishangae. Mama Precious ameniomba, na nimekubali kwa masharti yangu: anilipe mkononi bila ofisi, aniite Milembe, na mshahara uwe elfu kumi kama yaya yeyote anayejua kusoma. Alitaka kuongeza, nimekataa. Ile elfu tano haikuwa yangu.

Kwa hiyo dume la pili halitapatikana mwaka huu. Mwambie baba yako mdogo asiingize plau yake shambani, tutalima kwa mkono kama ulivyosema, na nitakuja Novemba na jembe langu.

Leo ni siku ya tisa tangu ile asubuhi, na Precious analia bado. Anaamka analia, anaogeshwa analia. Mama yake ana hofu, ananiuliza kama ni ugonjwa, kama tumpeleke zahanati. Nimemwambia amwache. Mchana huu alikula ugali wote na samaki, machozi yakidondokea sahani, na alipomaliza akaomba mwingine.

Mimi mama yako,
Milembe